Muvi mbili usiku mmoja: mnazipangaje zikae pamoja? Mwezi uliopita nilichemka

Uani_Ngamiani (Tanga)

Wadau habari za mda huu. Naombeni msaada kwenye hii ishu maana nimeiwaza mwenyewe mpaka kichwa kinauma.

Sisi hapa mtaani Ngamiani kila jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaangalia muvi uani kwetu, wote pamoja. Ilianza hivi hivi tu, binamu yangu anashuti harusi na ana projekta yake, sasa jumamosi moja hakuwa na kazi nikamuomba, nikafunga shuka jeupe la bibi kwenye kamba ya kuanikia nguo, spika nikaazima kwa jirani, wakaja watu kama kumi. Saa hizi tunafika hadi thelathini, watoto mbele kwenye mkeka, wazee nyuma kwenye viti vya plastiki, vijana wameegemea ukuta. Kuna mama anakaanga mihogo, kuna mwingine anakuja na birika la chai ya tangawizi, yani watu wanaisubiri mwezi mzima na mimi mwenyewe ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote ninavyofanya.

Mwanzo nilikuwa naweka moja tu. Watu wakaanza kulalamika, ndo kwanza tumekaa vizuri imeisha, mihogo bado ipo kwenye karai. Nikasema sawa, tuweke mbili.

Mwezi uliopita nikaweka Nairobi Half Life alafu nikafuatisha Tsotsi ile ya Afrika Kusini. Nilijiona nimepatia kabisa, zote za vijana wa mjini walioingia kwenye uhalifu, zote nzuri sana, zote za Afrika. Ya kwanza ikaenda vizuri, watu walicheka mwanzoni, wakanyamaza sehemu za kunyamaza, mwisho wake ukawapiga. Watoto nilikuwa nimewatoa mapema kwasababu ina matusi na mambo ya wakubwa. Nikawapa dakika tano za kunyoosha miguu nikaweka Tsotsi. Sasa mnaijua ile sehemu ya mwanzo kwenye treni, yule baba anachomwa kwenye umati wa watu na hakuna anayejua mpaka watu wamepungua ndo anaanguka. Bibi yangu akasimama, akabeba na kiti chake, akaniambia mjukuu wangu, leo ni kuua tu mpaka asubuhi? Akaingia ndani. Baada ya bibi wakaanza wengine mmoja mmoja. Ilipofika ile sehemu Tsotsi anamkuta mtoto mchanga siti ya nyuma ya gari aliloiba tulikuwa tumebaki saba.

Kilichoniuma sio watu kuondoka, kuondoka ni haki yao. Kilichoniuma ni kwamba ile ni muvi kubwa, ilichukua Oscar ya filamu za nje mwaka 2006, na ina ile picha ambayo mimi sijawahi kuisahau, mtoto amepakwa maziwa ya kopo mdomoni na jamaa anarudi anakuta sisimizi wamejaa usoni, na yule mtu katili unamuona anavyobabaika. Waliobaki waliiangalia wamechoka, mmoja anasinzia. Sikuitendea haki kabisa na ile ya kwanza pia nimeiharibia maana watu wanaikumbuka pamoja na uchovu.

Maswali yangu ni haya. Muvi mbili zinatakiwa zifanane au zipingane? Nzito inakaa mbele au nyuma? Katikati mnawapa watu mda gani? Na mkumbuke kwetu kuna watoto, kuna wazee, na bibi hawezi kufuata yale maandishi ya chini. Nataka mifano ya muvi mlizoziweka wenyewe mkaona watu wamekubali.

---

Mresh_wa_Umoja (Nairobi)

Sasa. Pole kwa hiyo, lakini hongera sana ju watu thelathini uani sio kitu kidogo.

Mimi naona makosa ilikuwa hapa tu, uliangalia ngozi ya muvi hukuangalia moyo. Ulisema wezi na wezi. Lakini Nairobi Half Life kwangu haikuwa muvi ya wezi kamwe. Rudi pale mwanzo kabisa, Mwas yuko kwao ushago anauza CD za muvi, na haziuzi hivi hivi tu, anaigiza zile sehemu zote mwenyewe, sauti zote, mikono yote, wanakijiji wamesimama wanamcheka na wanapenda. Huyo ni kijana anapenda muvi hadi anatoka kwao kwenda Nairobi akuwe actor, siku ya kwanza anaibiwa kila kitu, anajipata kwa cell anaoshishwa choo na ile hali unaijua, na bado akitoka anatafuta audition. Wezi ni njia tu ya kumwonyesha Nairobi ikimkula mtu anayetaka kitu kizuri.

So ukiniuliza ni gani inakaa na hiyo, nitakuambia Supa Modo ya Likarion Wainaina ya 2018. Jo ni msichana wa miaka tisa, ni mgonjwa na hatapona, mamake anamtoa hospitali anamrudisha nyumbani, na huyo mtoto kitu anapenda kwa dunia hii ni muvi za action na superhero, anajiona ndani yake. Dadake Mwix anaanza kumfanya aamini ako na nguvu, kidogo kidogo kijiji chote kinaingia kwa huo mchezo, mpaka wanaamua kumtengenezea muvi yeye ndio awe shujaa. Unaona? Moja ni mtu mzima anapenda muvi na mji unamvunja, ingine ni mtoto anapenda muvi na kijiji kinamwinua. Ukiziweka pamoja ya pili inajibu ya kwanza, na ukizipata peke yake peke yake hutaona hiyo kitu.

Na zote mbili zimetoka nyumba moja, One Fine Day Films ya Tom Tykwer na Marie Steinmann wakishirikiana na Ginger Ink hapa Nairobi, hao ndio walikuwa wanaleta watu wa sinema kutoka nje kufundisha vijana wetu kazi na mwisho wa mafunzo inatoka muvi. Ya kwanza ni dakika 96, ya pili 74. Mimi nilifanya hivyo kwa nyumba yangu tukiwa watu nane, Half Life kwanza, Supa Modo mwisho. Tulilia wote. Hakuna mtu alienda nyumbani akiwa ameboeka, nakuapia.

---

SaaMbiliKamili (Dar)

Mkuu wa Tanga, dada wa Umoja kaongea vizuri sana kuhusu moyo wa muvi, mimi nije upande wa saa maana hapo ndo watu wengi wanapoanguka.

Kwa uzoefu wangu (naandaa kwa washkaji kila mwezi, huu mwaka wa nne) jumla ya muvi zote mbili isizidi masaa matatu, na ndani ya hapo ya pili iwe fupi kuliko ya kwanza. Siku zote. Mtu wa saa mbili usiku sio mtu wa saa nne usiku, mwili umeshabadilika, amekula, mgongo umechoka na kiti kile cha plastiki. Wewe ulimpa dakika 96 alafu ukampa nyingine 94 na mapumziko ya dakika tano, hata kama ya pili ingekuwa ya kuchekesha wangesinzia. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka The First Grader, ile ya mzee Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza ana miaka 84 baada ya Kenya kufuta ada ya shule za msingi, alafu nikafuatisha Queen of Katwe. Kwenye karatasi zinapendana kabisa, shule na chesi, mzee na binti, watu walioambiwa hii sio ya kwako wakakataa. Lakini ya kwanza ni dakika 103 na ya pili ni 124, tulimaliza saa sita na nusu usiku na wawili walishalala kwenye zulia. Hizo sasa naziweka jumamosi mbili tofauti.

Ambayo ilikaa kama imeshonwa ni Soul Boy na Kati Kati. Soul Boy ya Hawa Essuman ni saa moja kamili tu, iko Kibera, kijana Abila anaamka anamkuta baba yake hana nguvu anasema roho yake imechukuliwa, kijana anaenda kumkabili Nyawawa, yule mwanamke mzimu aliyeichukua, anapewa kazi saba azimalize ndo baba apone. Alafu Kati Kati ya Mbithi Masya, dakika 75, dada Kaleche anajikuta porini amevaa gauni la hospitali hakumbuki chochote, anatembea anakuta loji, anapokelewa na watu wazuri kabisa wanaocheka na kucheza, na ndo anaambiwa hapa wote tumeshakufa na wewe pia. Ya kwanza roho imetoka mwili umebaki, ya pili mwili umebaki huko roho ndo imekwama. Tulikaa mpaka saa nane usiku tunaongelea watu wetu waliotangulia, mshkaji mmoja alimzungumzia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu msiba. (Hiyo ya pili nilivunja sheria yangu ni ndefu kuliko ya kwanza ila dakika 15 hazisumbui.)

Na kwa sababu upo Tanga na kuna wazee, fikiria Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Wengi tunaijua riwaya ya Adam Shafi, sasa kuiona Zanzibar ile ya miaka ya hamsini kwenye shuka jeupe ni kitu kingine, ile mvua, ile taa ya kandili, Mwajuma anaimba, na anayemuigiza Mwajuma ni Siti Amina ambaye taarabu ndo kazi yake kwelikweli. Baada yake weka ile filamu ya maisha ya Bi Kidude, As Old as My Tongue ya 2006. Wazee watakaa. Bibi yako hatahangaika sana na maandishi, Kiswahili kimejaa.

Ila kwa dada wa Umoja, kwa heshima yote, hapo kwenye mpangilio sikubaliani. Huwezi kuwapa watu kilio saa tano usiku alafu uwafungulie geti waende. Kilio kikae mbele, cha pili kiwapanguse machozi.

---

Mresh_wa_Umoja (Nairobi)

@SaaMbiliKamili kilio ya Supa Modo si ya matanga bana. Ni ile unalia juu umeona watu wakipenda mtoto hivyo. Mtu akienda nyumbani na hiyo ameenda na kitu. Lakini sikatai, kila uani na watu wake.

---

Babu_Kisauni (Mombasa)

Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni mtu mzima, mjukuu ndiye hunifungulia huku lakini kuandika naandika mwenyewe, mtanisamehe nikikosea.

Huyu kijana wa Tanga amenigusa kwa lile swali lake dogo alilolipitia haraka, kuwa katikati awape watu muda gani. Mwanangu, hilo ndilo swali. Dakika tano si intavali, dakika tano ni kwenda msalani na kurudi.

Zama zetu hapa Mombasa sinema ilikuwa Naaz, ilikuwa Regal, na picha za Kihindi zilikuwa ndefu na intavali ilikuwa ndefu, na watu walivaa kama wanaokwenda harusini. Nitawapa mfano wa Sholay ya mwaka 1975, ambayo peke yake inapita saa tatu. Ile ni sinema mbili katika moja, ndiyo maana nasema yafaa muisome vyema kabla ya kupanga mbili zenu. Huku una Jai na Veeru na pikipiki yao wakiimba urafiki, una Basanti na gari lake la farasi asiyefunga mdomo, unacheka mpaka mbavu zakuuma. Kisha Gabbar Singh, yule jambazi, aingia. Kisha waja kuona shali ya Thakur, yule bwana aliyewakodi Jai na Veeru, yaanguka kwa upepo, na mtu uliyekuwa ukimlaumu kwa nini hakuokota bunduki kumsaidia mwenziwe, kumbe hana mikono. Nakumbuka ukumbi ulivyonyamaza. Mama zetu walikuwa na karanga mikononi hawakuzitafuna.

Sasa nje, kwenye intavali, ndipo sinema ilipokuwa ikiingia ndani ya watu. Soda mkononi, huyu asema mimi nilijua, yule asema hukujua lolote, mmoja aigiza Gabbar, watoto warusha sarafu kama Jai na hawajui bado kuwa ile sarafu ya Jai ina kichwa pande zote mbili. Tukirudi ndani tulikuwa na njaa ya kujua. Kwa hivyo wape nusu saa. Washa taa. Usiweke mziki wa makelele, waache wasemezane. Na sinema ya kwanza iwe ile inayowaachia jambo la kusemezana, kama haina basi hata nusu saa itakuwa ndefu mno. Na pia wale wa kuswali isha wapate kuswali kwa utulivu kama hawajaswali.

Kuhusu kulia mwanzo au mwisho, siingilii. Sisi tulilia na kucheka humo humo.

---

Uani_Ngamiani (Tanga)

Shikamoo babu, asante sana, nusu saa nimeichukua hiyo. Sikuwahi kuwaza kwamba mapumziko nayo ni sehemu ya muvi.

Dada Mresh na kaka wa Dar asanteni mno, Vuta N'Kuvute na ya Bi Kidude naiweka mwezi wa mfungo sita, wazee wa hapa watafurahi. Ila bado nawaza watoto. Wanakuwa kama kumi na mbili na wanakaa mbele kabisa, siwezi kuwatoa kila mwezi.

---

Mama_wa_Wawili (Dodoma)

Kaka watoto sio tatizo, watoto wana saa yao. Muvi ya kwanza iwe ya kwao, ya pili ya wakubwa, wao saa tatu na nusu wameshalala kwenye mkeka wenyewe unawafunika kanga.

Mimi nyumbani naweka Kung Fu Panda kwanza, dakika 92, alafu baba yao anawekewa ile ya kichina ya zamani The 36th Chamber of Shaolin ya 1978, ambayo wengi wetu tuliiona kwenye vibanda kwa kutafsiriwa. Utamu wake upo kwenye mafunzo. Yule San Te anapanda vyumba vya mazoezi kimoja kimoja, kuna pale anabeba ndoo za maji mikono imenyooshwa na visu vimefungwa kwenye mikono, akishusha tu vinamchoma. Na Po, yule panda, kule anafundishwa kwa chakula, mwalimu wake kagundua huyu bila kula haendi, basi wanagombania lile donge la mwisho kwa vijiti mpaka linakuwa pambano zima, na akilishinda anasema sina njaa. Mwanangu wa kwanza siku moja hakulala, akaangalia zote, akaniambia mama, panda na huyu mjomba wanasoma shule moja. Nilifurahi jamani. Tangu siku hiyo nikijua muvi mbili zina kitu kimoja cha namna hiyo, kitendo kimoja tu ambacho mtoto anaweza kukiona, najua zitakaa.

Ya Shaolin inakaribia masaa mawili kwahiyo anza mapema, saa moja na nusu muvi ya kwanza iwe ishaanza.

---

Mwana_Kagera (Bukoba)

Wadau nimesoma zote na nimejifunza, ila kuna moja mmeipita pembeni na mimi inanichoma nisipoisema.

Dada Mresh kaleta Supa Modo na yuko sahihi kwamba inahitaji mwenzake, na kaka wa Dar yuko sahihi kwamba kilio kitangulie. Sasa mwenzake sio Nairobi Half Life. Mwenzake ni Who Killed Captain Alex? ya Uganda, ya 2010.

Sisi wa Bukoba tumekulia na muvi zinazopita mpaka wa Mutukula kutoka Uganda, tumelelewa na sauti za VJ wa Kampala wanaoongea juu ya muvi mwanzo mwisho, kama nyie mlivyolelewa na Lufufu na Wakenya na DJ Afro. Captain Alex ni muvi ya vita na kung fu iliyotengenezwa Wakaliga, mtaa wa kawaida kabisa wa Kampala, na jamaa anaitwa Nabwana. Kompyuta kaziunga mwenyewe kwa vipuri, bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu, helikopta anaziweka kwa kompyuta zinapiga mabomu Kampala, waigizaji ni majirani, na VJ Emmie yupo humo ndani anashangilia, anacheka, anamtania mpaka steringi. Kapteni Alex anapelekwa kuipiga Tiger Mafia, anauawa, ndugu yake mtu wa Shaolin anakuja kulipiza.

Sasa ziweke zote mbili mbele yako uone. Kwenye Supa Modo kijiji kinatengeneza muvi ya shujaa kwa vitambaa na mabati kwa sababu kinampenda mtoto mmoja. Unalia, na moyoni unajisemea hii ni hadithi tu, watu hawafanyi hivyo. Alafu unawasha ya pili na ni kweli, kuna mtaa umefanya hivyo, kwa vyuma na mabati, na sasa dunia nzima inawajua. Yani ya kwanza inaota ya pili inaamka. Na ni kama saa moja na kidogo tu, wenyewe Wakaliwood, ndo jina la studio yao, wameiweka YouTube bure. Kuna damu lakini ni ya mchezo mchezo, mtoto wa miaka saba anaona kabisa hii ni rangi, ila iangalie kwanza wewe uamue kwa watoto wa kwenu.

Kuhusu bibi, VJ Emmie anaongea kiingereza na waigizaji kiganda. Tafuta kijana mmoja mwenye mdomo atafsiri palepale. Hiyo ndo asili yake, haiharibu kitu.

---

SaaMbiliKamili (Dar)

@Mwana_Kagera aisee. Nimezitazama zote mbili miaka tofauti na sikuwahi kuziunganisha. Hii naiweka mwisho wa mwezi huu.

---

Uani_Ngamiani (Tanga)

Wadau nimerudi, jana ndo ilikuwa siku yenyewe na sijalala vizuri kwa furaha.

Nilifuata ya Bukoba kwa muvi, ya Dar kwa saa, ya babu kwa intavali. Supa Modo tumeanza saa mbili na robo watu wameshaswali. Sikuwaambia inahusu nini, nilisema tu ni ya mtoto anayependa muvi. Bibi alikaa mstari wa pili safari hii. Ile inaongea kiswahili sehemu kubwa kwahiyo alifuata mwenyewe, na mama yake Jo alipokuwa anakataa mtoto asitoke nje, alale apumzike, bibi alikuwa anasema kwa sauti, muache, muache acheze. Mwisho siusemi kwa ajili ya wasioiona. Nilipowasha taa hakuna aliyenyanyuka. Mama wa mihogo alikuwa amekaa na kijiko cha kugeuzia mkononi, mafuta yamepoa, hakukaanga hata kipande tangu katikati. Babu wa Kisauni nilikukumbuka wewe na zile karanga.

Dakika kumi za kwanza za intavali ilikuwa kimya kweli nikaogopa nimekosea tena. Alafu wakaanza. Jirani mmoja akaanza kusimulia mtoto wa dada yake aliyelazwa mwaka jana, mwingine akadakia, chai ikamwagwa kwenye vikombe, na watoto mimi sijui nani alianza ila nikaona kanga zinaondoka kwenye mabega ya mama zao zinafungwa shingoni, ua zima watoto wanakimbia na kanga zinapepea nyuma. Nusu saa ikafika nikaongeza kumi.

Captain Alex sasa. Kuna kijana anaendesha bodaboda hapa kona anaitwa na wote kwa utani Spika, nilimwambia mapema aiangalie kwenye simu. Akasimama pembeni ya shuka akatafsiri mwanzo mwisho, VJ Emmie anapiga kelele kwa kiingereza na yeye anapiga kelele juu yake kwa kiswahili cha Ngamiani, helikopta ikitokea anawaambia watu wa viti vya nyuma wainame, na wazee wanainama kweli! Kuta zilikuwa zinarudisha vicheko. Watu wa mtaa wa pili walikuja kuchungulia juu ya ukuta. Bibi alicheka mpaka akashika kifua, mwisho akaniuliza kwa uzito kabisa, sasa Kapteni kauliwa na nani? Nikamwambia bibi, muvi haisemi. Hakukubali. Leo asubuhi bombani nimekuta wanabishana, kuna kundi linasema ni wale wale Tiger Mafia na kuna kundi la bibi linasema katolewa na mtu wake wa karibu.

Kagera ulisema ya kwanza inaota ya pili inaamka. Mchana huu watoto sita wamekuja mlangoni, wana bunduki za makuti na kofia ya ndoo, wakaomba simu yangu. Wameshuti mpaka magharibi. Steringi ni binti wa jirani ana miaka minane, amefunga kanga ya mama yake shingoni, na bibi amekubali kuwa mama wa steringi na amekataa kata kata kufa kwenye sehemu ya mwisho, wamebadilisha hadithi kwa ajili yake. Binamu kasema ataiunganisha wiki hii.

Kwahiyo muvi ya kwanza ya mwezi ujao ninayo, ina dakika nne na nusu. Naombeni ya pili.